Kizimba cha Kuku na Wezi wa Usiku

 Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari za kuku. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mwalimu huyu amesoma miaka yote ile, kisha anakuja kutufundisha kufuga kuku, kazi aijuayo hata mtoto mdogo!" Haya, chekeni, walakini kwanza nawauliza neno moja. Toka masika yaliyopita kuku wako wameangua vifaranga wangapi, na leo wangapi wamekua wakawa kuku? Hesabu kwa vidole, usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Katika nyumba nyingi nilizopata kuuliza, mtu huanza kuhesabu kwa furaha, kisha hunyamaza.

Waliopotea wamekwenda wapi? Wengine wamekufa kwa maradhi, na hasa kideri, nami nitayagusa baadaye. Wengine wamechukuliwa na mwewe mchana. Lakini wengi wamechukuliwa usiku, nyuma ya nyumba yako, wewe umelala. Kwa hiyo leo nitasema zaidi juu ya mahali pa kulaza kuku, yaani kizimba.

Mimi nafundisha katika chuo cha ualimu chini ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe, penye mashamba ya mkonge bondeni na msitu huko juu. Nchi hii ina wezi wa kuku wa kila namna, na sioni haya kusema kwamba wamenifundisha kuliko vitabu.

Mwaka 2016 nilijenga kizimba changu cha kwanza. Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa useremala kila Jumamosi, basi nilijiona fundi. Nikanunua wavu, ule wa matundu ya pembe sita, nikasimamisha nguzo nne, nikauzungusha wavu pande zote toka ardhini hata juu, nikaezeka kwa bati, nikatia mlango wa mbao na kufuli. Kufuli, ndugu zangu! Nikawaita wanafunzi wangu waje kukitazama, wakakichora katika madaftari yao.

Jirani yangu, bibi mmoja mjane, akaja naye kutazama. Kuku wake walikuwa wakilala juu ya mwembe, na kila mwezi alipotea mmoja au wawili. Fedha za mayai na za majogoo alikuwa akiziweka kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa darasa la sita wakati ule, ili siku ya kwenda kidato cha kwanza asikose sare na viatu. Nikamwambia, "Bibi, lete kuku wako walale pamoja na wangu, hata nitakapokujengea kizimba chako." Akakizunguka kizimba mara moja, polepole, akaniuliza, "Mwalimu, na chini umeweka nini?" Nikamjibu, "Chini ni ardhi tu, bibi." Akasema, "Haya." Jioni akaleta kuku sita.

Hata usiku wa tisa kicheche akaja. Asubuhi nikakuta kufuli liko pale pale, limefungwa barabara, na ndani kuku 11 wamekufa katika 17. Wanne walikuwa wa bibi. Chini ya wavu, upande wa nyuma, palikuwa na shimo ambalo kikombe cha chai kingelijaza. Harufu aliyoiacha, yeyote aliyepata kukutana na kicheche aijua, sina haja ya kuieleza.

Jambo lililowashangaza watoto wangu ni hili: wale kuku hawakuliwa. Walikuwa wameumwa shingoni na kichwani, wakaachwa. Wengine wakanena kwamba huo ni uchawi, au ni chuki ya mtu. Si uchawi. Kuku haoni vizuri gizani, na akiguswa usiku hupiga mabawa tu wala hajui pa kukimbilia. Mnyama mwindaji naye ameumbwa hivi, kwamba kila kitu kinachopapatika mbele yake hukishika. Porini ndege mmoja akikamatwa wengine huruka wakaenda zao, basi kazi yake huisha kwa mmoja. Ndani ya chumba kilichofungwa hawana pa kwenda, naye huua mpaka papatiko liishe. Ndiyo sababu kizimba kibovu ni hatari kuliko kutokuwa na kizimba. Mwembeni bibi alipoteza kuku mmoja au wawili kwa mwezi. Kwangu alipoteza wanne kwa usiku mmoja.

Sikukata tamaa. Nikachimba mfereji wa futi 1 kuzunguka kizimba, nikafukia wavu ndani yake, nikapanga mawe juu. Kazi hiyo ilikuwa njema, na kama huna budi kujenga chini, fanya vivyo hivyo, maana anayechimba hufika penye wavu akashindwa. Kicheche hakurudi. Kuku wakaongezeka tena. Mmoja katika wale wawili wa bibi waliobaki akaanza kuatamia mayai 12, nasi tukafurahi.

Kisha zikaja mvua za masika za mwaka 2017, na pamoja nazo siafu. Walikuja usiku, mvua ilipopumzika. Msikilizaji ambaye hajaona siafu wakipita haifai nimtishe. Lakini aliyewaona anajua kwamba mbele yao kila chenye miguu hukimbia, hata mende na panya. Kuku wangu wangalikimbia pia. Wa mwembeni huruka wakashuka upande wa pili. Wangu walikuwa nyuma ya kufuli. Mlango nilioufunga ili kicheche asiingie ndio uliowazuia kuku wasitoke, na mimi nilikuwa nimelala, mvua ilikuwa imenipa usingizi mzuri. Yule aliyeatamia hakuondoka juu ya mayai yake. Asubuhi tulimkuta pale pale, ni mifupa na manyoya.

Nikaenda kwa bibi kumwambia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza. Akakaa kimya kitambo, akichambua mchicha wake. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mahindi yako umeyaweka wapi?" Nikasema, "Ghalani, bibi." "Ghala lako liko wapi?" "Nyuma ya nyumba, juu ya nguzo." "Kwa nini juu ya nguzo?" Nikasema, "Kwa ajili ya panya, na unyevu, na mchwa." Akasema, "Basi mahindi umeyalaza juu, kuku umewalaza chini. Kwani mahindi ndiyo yenye roho?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa kuku sita, lakini kuku huzaa kwa majira yao, si kwa haraka ya mdeni. Januari ya mwaka 2018 mjukuu wake alikwenda kidato cha kwanza amevaa viatu vya kuazima, vimempwaya, nami nilimwona akipita barabarani mbele ya chuo. Alinisalimu kwa adabu. Habari ya kizimba nitakayowapa sasa ndiyo niliyojenga baada ya siku ile, na kingine kama hicho nilimjengea bibi kwa mikono yangu.

Basi tazameni ghala la mahindi, au lile dungu la kulindia mpunga na ndege. Kizimba chema ni ndugu yao. Husimama juu ya nguzo, sakafu yake iwe futi 3 toka ardhini, ili upepo upite chini, na wewe uweze kufagia mavi kwa ufagio bila kupiga magoti. Kwa mitetea 12 na jogoo mmoja, urefu wa futi 6 na upana wa futi 4 watosha sana, maana hapa ni mahali pa kulala tu. Mchana kuku watatoka kwenda kujitafutia. Akutakaye ujenge kubwa zaidi mwulize kama atakuchangia miti.

Nguzo ziwe sita, tatu kila upande wa urefu. Zichimbie futi 2. Basi nguzo za nyuma zitahitaji urefu wa futi 8, na za mbele futi 9, ili paa lipate mteremko na maji yaangukie nyuma. Elekeza urefu wa nyumba mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige zile pande fupi, ndani pasiwe tanuri. Mti gani? Ulio mgumu kuliwa na mchwa, na kila mahali pana wake. Waulize wazee wanaojenga nyumba, wasiulizwe wauza miti. Sehemu itakayofukiwa ichome moto kidogo hata iwe nyeusi, au uipake oili chafu ya magari. Kwetu watu hupenda kutumia ule mti mrefu unaotoka katikati ya mkonge ukizeeka, kwa kuwa ni mwepesi na haugharimu kitu. Kwa kuta na kwa paa wafaa. Kwa nguzo haufai. Ni laini ndani, nao huoza upesi ukifukiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya ghala. Nguzo yenyewe ni ngazi. Panya huipanda, kanu huipanda kama wewe unavyopanda mlima, nyoka huipanda, na siafu hawana habari kama kuna nguzo au hakuna. Kwa hiyo kila nguzo lazima iwe na mambo mawili. La kwanza ni kofia ya bati. Chukua kipande cha bati kuukuu, ukikate kiwe na upana wa futi 1, ukivike nguzo kama mwavuli uliofunguka kuelekea chini, ukipigilie misumari kwenye urefu wa futi 2 toka ardhini. Mnyama akipanda hukutana na mwavuli juu ya kichwa chake. Makucha hayashiki bati, naye hurudi alikotoka. La pili ni kitambaa. Chini ya kofia, funga kitambaa kilicholoweshwa oili chafu au grisi, upana wa kiganja, kizunguke nguzo yote. Siafu hawavuki hapo. Mvua ya masika haikifikii kwa urahisi, maana kofia imekifunika, walakini kila juma mbili kiguse kwa kidole. Kikiwa kikavu au kimejaa vumbi, kiloweshe tena. Watu wengi hutumia majivu kuzunguka kizimba, nayo ni dawa ya zamani wala siidharau, lakini majivu yakinyeshewa huwa tope tu, na siafu hupenda kuja baada ya mvua.

Kofia na kitambaa vyote ni bure kama umeacha daraja. Nimeona kizimba kizuri cha mtu, nguzo zina kofia zote, lakini tawi la mpera lilikuwa limelala juu ya paa, na kanu alikuwa akija na kwenda kwa njia hiyo. Kata matawi yaliyo karibu kwa hatua nne. Usiegemeze jembe, wala mwiko, wala kuni. Fyeka majani pande zote, kwa kuwa mnyama wa usiku hapendi kuvuka mahali peupe. Na ile ngazi ya kuku, ambayo huiweka jioni ili wapande, ukifunga mlango iondoe uilaze kando. Neno hili la ngazi watu husahau kuliko yote.

Sakafu itengenezwe kwa mianzi iliyopasuliwa au kwa fito zilizonyoka, zikiachana nusu inchi, mavi yadondoke chini. Usitie udongo wala mbao zilizobanana, maana mavi yakilundikana hutoa ile harufu ikatayo pua, nayo huunguza macho na mapafu ya kuku. Ukiingiza kichwa chako ndani asubuhi na macho yakakutoka machozi, jua kwamba kuku wako wamekaa humo saa 12. Pande za chini za ukuta ziwe za mianzi iliyobanana. Futi 1 ya juu, chini ya paa, iwe ni wavu pande zote mbili ndefu ili hewa ipite juu ya vichwa vyao bila kuwapiga kifuani. Wazee wetu wengi walidhani kuku huhitaji joto, basi huziba kila tundu. Kuku amevaa koti lake. Akosacho ni hewa.

Juu ya wavu nina neno. Ule wa pembe sita niliounua mwanzo umetengenezwa kuwazuia kuku wasitoke. Haukutengenezwa kumzuia mwizi asiingie. Matundu yake hupitisha panya na nyoka, na kuku aliyelala karibu nao huweza kuvutwa kichwa usiku toka nje. Ukikuta asubuhi kuku hana kichwa na mwili wake u ndani, usimtafute mchawi; tazama wavu. Nunua ule wa matundu madogo ya mraba, ya nusu inchi. Bei yake ni kubwa, kweli, lakini wahitaji wa futi 1 tu kwenda juu, kwa hiyo kipande kidogo chatosha. Kama huwezi kuupata, tumia fito nyembamba zilizopangwa kama meno ya kitana. Kipimo ni kidole gumba chako: tundu linalopitisha kidole gumba cha mtu mzima hupitisha panya, na tundu linalopitisha mayai mawili kwa pamoja hupitisha kicheche, maana kichwa chake kikiisha kupita, mwili hufuata.

Mlango uwe mkubwa, futi 2 kwa futi 2 na nusu, ili mkono wako ufike kila pembe. Bawaba za kipande cha tairi zafaa kabisa. Tia komeo la mti lenye kigingi cha kulizuia, kwa kuwa kanu na fungo hujaribu mlango kwa kusukuma, na panya hujaribu kwa meno chini. Kufuli ni kwa mwizi wa miguu miwili. Likikufaa litie, lakini ufunguo utundike mahali kila mtu wa nyumba ajuapo, ili siku ya hatari mtoto aweze kufungua wewe hupo.

Ndani weka vijiti viwili vya kulalia, urefu wa futi 6 kila kimoja, unene wa inchi 2, vimeparwa visiwe na miiba. Viwe kimo kimoja. Kimoja kikiwa juu, kuku wote watagombana kwa ajili ya kile cha juu, na wanyonge wataangukia sakafuni. Kila kuku ahitaji inchi 8, basi vijiti viwili vyatosha kuku 18, nawe utakuwa na nafasi ya mitetea itakayozaliwa. Viota vitatu, mraba wa futi 1, viweke upande wenye giza, chini kuliko vijiti, wasije wakalala ndani yake na kuchafua mayai. Tia majani makavu, uyabadili.

Paa ni la nyasi au bati kwa kadiri ya mfuko wako. Nyasi ni baridi ndani, lakini hukaribisha nyoka na panya. Bati ni safi, lakini adhuhuri huwaka, jambo ambalo si neno kubwa kwa kuwa kuku wako nje. Mimi nimetia bati na juu yake makuti machache.

Mama mwenye vifaranga asilale katika chumba kimoja na wenzake. Kata pembe moja ya kizimba kwa ukuta wa fito, umpe yeye, na sakafu yake itandike kipande cha gunia au mkeka mkuukuu, miguu ya vifaranga isinaswe katika nafasi za mianzi. Mchana, kwa majuma manne ya kwanza, waweke chini ya tenga pana uani, chakula na maji humo humo, mama akiwa ndani au amefungwa kamba karibu. Mwewe huogopa kushuka penye kitu asichokijua. Kunguru hana hofu hiyo, kwa hiyo tenga liwe zima, lisitobolewe. Kenge naye ni mwizi wa mchana, huja karibu na mto, humeza mayai na vifaranga; na nguchiro wadogo hutembea mchana pia. Kwa hao dawa ni macho ya watu na mbwa aliyefundishwa. Nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe hutembea usiku, lakini kwake umekwisha fanya kazi yako.

Panya buku siwezi kumwacha. Najua kwamba huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya hao hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa, nao wamewafaa watu wengi. Nampa heshima yake. Kwangu hajafundishwa bado, naye anataka mayai.

Usafi una faida ambayo watu hawaitarajii. Ukifagia chini ya kizimba kila juma na kupeleka mavi shambani baada ya kuyaacha yakae lundo mwezi mmoja au zaidi, mahindi yako yatakushukuru. Tena kila mwezi toa vijiti vya kulalia, uvitazame ncha zake kwa mwangaza wa jua. Humo, na katika nyufa za mianzi, ndimo wanamojificha utitiri na papasi wa kuku. Mchana huwaoni. Usiku hutoka wakanyonya damu, kuku akakonda na kuacha kutaga, nawe wasema amerogwa. Mwaga maji yanayochemka katika nyufa, kisha paka chokaa. Kuku nao wachimbie shimo la majivu makavu na vumbi uani. Wataoga wenyewe, huna haja ya kuwaita.

Nilisema nitagusa kideri. Maradhi haya huua kijiji kizima cha kuku kwa majuma machache, wala hakuna dawa ya kumponya kuku akiisha kuugua. Kuna chanjo tu, tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi 3 au 4. Ile iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania nayo hustahimili joto la safari kuliko zile za zamani. Kwa nini nayataja katika habari ya kizimba? Kwa sababu kuku wa mwembeni huwezi kumchanja. Mchanjaji huja asubuhi, mnakimbizana uwanja mzima, mnapata watano, kumi wamekwenda porini, na maradhi yakija hupitia hao kumi. Mwenye kizimba humwambia mchanjaji aje kabla ya jua kuchomoza, mlango haujafunguliwa. Huingiza mkono, humtoa mmoja mmoja, hutia tone, humwachilia nje. Kuku 13 ni kazi ya nusu saa. Bibi jirani yangu hufanya hivyo, naye huwahesabu wakitoka. Ndivyo ajuavyo siku ile ile kama mmoja hayupo.

Sasa umekwisha jenga. Jioni ya kwanza utaweka ngazi, utasimama kando kwa furaha, na kuku wako watakipita kizimba chako na kwenda kulala mwembeni. Usiwapige. Ngoja giza liingie, uwashushe mmoja mmoja kwa mkono, uwatie ndani, ufunge. Asubuhi usiwafungulie mapema; wacha jua lipande kidogo, kisha wape punje za mtama au makombo hapo hapo chini ya ngazi. Jioni ya pili fanya vile vile. Kuku hurudi alikoamkia. Wangu walichukua siku sita, jogoo alichukua kumi, maana alikuwa na kiburi chake. Ikiwa mmoja amekataa kabisa, mtazame vizuri; mara nyingi ana mayai aliyoyaficha mahali.

Saa ya kufunga ni ile ambayo kuku wa mwisho amepanda na wewe bado waona rangi ya mkono wako. Usingoje kumaliza chakula cha jioni, kwa kuwa kanu hangoji. Kazi hii mpe mtoto mmoja wa nyumba iwe yake, ahesabu kuku kwa sauti, aondoe ngazi, kisha aje akwambie hesabu. Kwangu ni binti yangu wa miaka tisa. Huniletea hesabu mlangoni kama karani wa benki, na siku akisema 12 badala ya 13 twatoka wote na kurunzi.

Wanaotaka kipimo cha kila mti na mchoro wa kofia ya bati wautazame mchoro huo katika kijitabu hiki, au wamwombe mwalimu wa shule yao awachoree ubaoni.